CHAKULA CHA MTOTO CHA DUKANI: SOMA NYUMA YA CHUPA

Najua wengi wenu mtashangaa, na wengine mtacheka, mkiona mvulana wa Kidato cha Nne ameandika habari za chakula cha watoto wachanga. Wenzangu wa bwenini wameshanicheka vya kutosha. Wao walidhani nitaandika habari za mpira. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe katika likizo ya Desemba, nami naona ni jambo la kila nyumba. Nani kati yetu hana mdogo wake, au mpwa wake, au mtoto wa jirani anayeanza kula? Na sisi tulio shuleni ndio tunaotumwa dukani. Basi nawaombeni mnisikilize.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa Aprili mwaka jana alijifungua mtoto wa kiume. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, nayo kwa sheria ni siku 84, alirudi kazini, na mtoto akawa anashinda na Bibi nyumbani kwetu Moshi. Mpaka mtoto alipotimiza miezi sita Dada alikuwa akikamua maziwa yake na kuyaacha. Baada ya hapo Bibi alianza kumpa uji mchana, na Dada akaendelea kumnyonyesha asubuhi, jioni na usiku.

Nilipofika likizo, mtoto alikuwa na miezi minane. Shemeji yangu, ambaye hufanya kazi mbali, alituma fedha akasema, "Mnunulieni mtoto chakula kizuri cha dukani." Bibi akanikabidhi fedha zile mimi. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii," alisema. "Nenda ukachague."

Nilikwenda katika duka moja kubwa mjini. Nikakuta rafu nzima ya vichupa vya kioo na vifuko laini vyenye mdomo wa kunyonyea. Ndani yake mlikuwa na rojo la kila rangi, la njano, la kijani na jekundu. Mbele ya kila kimoja palikuwa na picha: hapa mtoto mnene anacheka, pale tunda linang'aa kama limepakwa mafuta. Nami nilichagua rojo la tufaha, kwa sababu picha yake ilinipendeza kuliko nyingine, na kwa sababu tufaha kwetu huhesabiwa tunda la heshima. Kila kichupa kilikuwa shilingi 6,000. Sikukigeuza hata kimoja nikatazama nyuma.

Kwa muda wa wiki tatu mtoto alilishwa rojo lile. Alilipenda sana! Alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Tulimpa nusu ya kichupa mchana, na nusu iliyobaki tulifunika tukaiweka kabatini mpaka kesho yake. Bibi alilionja mara moja akasema, "Mjukuu wangu, haya ni maji matamu." Mimi nilicheka moyoni. Niliona Bibi hajui mambo ya kisasa.

Siku ya kliniki ilipofika nilifuatana na Bibi. Mtoto alipimwa uzito, akawa na kilo 7.2. Mwezi uliotangulia alikuwa na kilo 7.2 vile vile. Nesi alitia nukta katika kadi, kisha akatuonyesha. Mstari ambao tangu Aprili ulikuwa ukipanda kama njia ya kwenda mlimani, sasa ulikuwa umelala kama barabara ya tambarare.

"Mnampa nini mtoto huyu?" aliuliza.

Bibi alijibu kwamba anampa uji. Nami nikaongeza kwa majivuno kwamba tunampa pia rojo la tufaha la dukani, lililotoka ng'ambo.

"Lina nini ndani yake?"

Nikanyamaza.

"Kijana, wewe unasoma kidato gani?"

"Naingia cha Nne, Sista."

"Basi rudi nyumbani ukakisome kichupa chako, kisha kesho uje uniambie."

Wasomaji, nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Lebo ile, yaani karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, ilikuwa kwa Kiingereza. Bibi hawezi kuisoma, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini mimi niliweza. Nimefundishwa Kiingereza, nimefundishwa Biolojia, nimechora tumbo la mtu na kulitia majina yote, na kwa wiki tatu sikusoma mistari sita ya nyuma ya chupa. Usiku ule nilichukua daftari na kalamu nikaisoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kichupa kilikuwa na gramu 120. Vitu vilivyomo vilikuwa tufaha, maji, maji ya tufaha yaliyokolezwa, na vitamini C. Katika kila gramu 100 mlikuwa na kalori 45, sukari gramu 10, na protini gramu 0.2. Madini ya chuma hayakutajwa kabisa. Nikapiga hesabu. Kichupa kizima kina kalori 54 na sukari gramu 12, yaani kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Nusu ya kichupa, tuliyokuwa tukimpa kwa siku, ina kalori 27 tu.

Kesho yake nesi alinieleza maana ya hesabu ile. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba mtoto anyonyaye, mwenye umri wa miezi 6 mpaka 8, huhitaji kiasi cha kalori 200 kila siku kutoka katika chakula, mbali na zile anazopata katika maziwa ya mama. Akiwa na miezi 9 mpaka 11 huhitaji kiasi cha kalori 300, na kutoka mwaka mmoja mpaka miwili kiasi cha 550. Kwa hiyo, ili apate kalori 200 kwa rojo letu la tufaha, ingetupasa kumlisha karibu vichupa vinne kwa siku.

Je, angeweza kuvila? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Kwa kila kilo moja ya uzito wake, tumbo huchukua kiasi cha gramu 30 za chakula kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 7 ataweza kula gramu 210, yaani bilauri moja isiyojaa. Akijazwa chakula chepesi, tumbo hushiba kabla mwili haujashiba. Mtoto hutulia, hucheka, hulala, na watu wa nyumbani husema, "Amekula vizuri," kumbe mwili wake unangoja. Uji wa Bibi nao ulikuwa na kosa lile lile. Nesi alitwambia tuinamishe kijiko: chakula kinachofaa hubaki kijikoni, lakini kile kinachomwagika chote kama maji hakimfai mtoto. Basi Bibi na mimi, mtu wa zamani na mtu wa kisasa, tulikuwa tumekosea kwa njia moja.

Kuna jambo la pili, nalo ni madini ya chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja duniani na akiba ya madini haya mwilini, na akiba hiyo humtosha kwa muda wa miezi kama sita. Maziwa ya mama ni bora kwa mambo mengi, lakini madini ya chuma yaliyomo ni kidogo. Akiba ikiisha, sharti chakula kilete mengine. Huko Marekani hupendekezwa kwamba mtoto wa miezi 7 mpaka 12 apate miligramu 11 kwa siku. Hicho ni kiasi kikubwa, hata kuliko kinachohitajiwa na mwanamume mzima, ambacho ni miligramu 8. Mtoto akikosa madini hayo hupungukiwa na damu, huwa mnyonge, na ubongo wake, ambao katika miaka miwili ya kwanza unakua upesi sana, hupata hasara. Rojo la matunda matupu haliwezi kuziba pengo hilo, hata likiwa zuri namna gani.

Sasa msije mkadhani kwamba nawaambia chakula cha dukani ni kibaya. Sivyo. Chakula cha namna hii kilianza kwa haja ya kweli. Mwaka 1927, katika mji wa Fremont, jimbo la Michigan huko Marekani, mama mmoja aitwaye Dorothy Gerber alichoka kuponda na kuchuja njegere za mtoto wake kwa mkono. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha familia yake cha kutia vyakula katika makopo. Akamwuliza kwa nini kazi ile isifanywe kiwandani, na mwaka 1928 makopo yao ya chakula cha watoto yakaanza kuuzwa. Mama aendaye kazini, au aliye safarini, au aliye mahali pasipo na kuni wala maji safi, kichupa kimoja kinaweza kumsaidia sana. Tena kilichomo kimepikwa na kufungwa kwa namna ambayo vijidudu haviingii mpaka kifunguliwe. Neno langu ni kwamba kichaguliwe kwa kusomwa, si kwa kutazamwa. Mbele ya chupa husema mwuzaji, naye anataka fedha yako. Nyuma ya chupa ndipo kiwanda kinapolazimika kueleza kilichomo.

Basi, ukitumwa dukani, fanya hivi.

Kwanza, tazama umri ulioandikwa. Vichupa vingine, hasa vitokavyo Ulaya, huandikwa kwamba vinafaa tangu miezi minne. Usivifuate. Shirika la Afya Duniani na wizara yetu ya afya husema mtoto anyonye maziwa ya mama matupu mpaka atimize miezi sita, bila hata maji. Kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Chakula cha dukani ni msaidizi wa maziwa ya mama, wala si mrithi wake.

Pili, soma orodha ya vitu vilivyomo, nawe uisome kwa mpango. Kwa kanuni, kitu kilicho kingi kwa uzito huandikwa kwanza, kisha kinachofuata, mpaka kilicho kidogo kabisa. Ukiona maji yameandikwa mwanzoni, basi ujue unanunua maji. Tena usidanganywe na jina la mbele. Kichupa chaweza kuitwa "Kuku na Mboga", lakini ukisoma nyuma ukakuta viazi, maji, karoti, unga wa mchele, na kuku yuko wa tano kama mgeni aliyechelewa karamu. Vile vile kifuko cha "Mchicha na Tufaha" mara nyingi huwa ni tufaha, na mchicha umetiwa rangi tu. Mtoto akizoea kwamba kila mboga ni tamu, atakataa mchicha wa nyumbani.

Tatu, tafuta sukari iliyojificha. Pengine mbele ya chupa imeandikwa kwamba hakuna sukari iliyoongezwa. Geuza. Sukari ina majina mengi: sukrosi, glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi. Kwa Kiingereza majina hayo huishia na herufi o, s, e, nayo ni alama nzuri ya kuyatambua. Laktosi pia huishia hivyo, lakini hiyo ni sukari ya maziwa yenyewe. Halafu kuna shira, na kuna maji ya matunda yaliyokolezwa, ambayo yametolewa maji mpaka yakabaki karibu sukari tupu. Kichupa changu kilikuwa na hayo, na mbele yake palikuwa na picha ya tunda tu. Kama kimetiwa asali, usikinunue kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho hutoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Sumu hiyo hulegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Mtu mzima mbegu hizo kwa kawaida hazimdhuru, kwa sababu utumbo wake umekomaa.

Nne, angalia chumvi. Katika lebo mara nyingi huandikwa sodiamu badala ya chumvi. Zidisha sodiamu kwa 2.5 nawe utapata chumvi. Madaktari wa Uingereza huwashauri wazazi kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipate hata gramu moja ya chumvi kwa siku, maana figo zake bado ni changa. Gramu hiyo moja ni kama miligramu 400 za sodiamu. Ukipata chakula kisichotiwa chumvi kabisa, kinunue hicho. Ukikionja ukaona hakina ladha, usijali. Ulimi wa mtoto haujaharibika kama wako.

Tano, hesabu nguvu na ujenzi. Nguvu ni kalori, ambazo katika lebo huandikwa kwa herufi kcal. Mwaka 2022 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa kipimo cha vyakula vya watoto vya viwandani, na moja ya masharti yake ni kwamba rojo, likiwa si la mboga tupu, liwe na kalori zisizopungua 60 katika gramu 100. Changu kilikuwa na 45. Ujenzi ni protini na madini ya chuma. Ukiwa na fedha ya kichupa kimoja tu, acha cha matunda, chukua chenye nyama, kuku, samaki, maharage au dengu, na kitu hicho kiwe karibu na mwanzo wa orodha. Matunda utayapata sokoni.

Sita, kichunguze chenyewe. Tazama tarehe ya mwisho wa kutumika. Katikati ya kifuniko cha kichupa kuna duara dogo. Duara hilo liwe limebonyea ndani, na unapofungua usikie mlio mdogo, kwa maana hewa inaingia kwa mara ya kwanza. Kama duara limeinuka, au kifuko kimevimba, au mdomo wake umelowa, kirudishe. Tazama pia kama kinaonyesha kiwanda kilichokitengeneza na nambari ya kundi lake. Kwetu Tanzania Bara, tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Nambari ya kundi si mapambo. Mwaka 2023 huko Marekani, vifuko vya rojo la tufaha lenye mdalasini viliondolewa madukani baada ya watoto kukutwa na madini ya risasi katika damu. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi ilikuwa katika mdalasini. Nambari za makundi ndizo zilizowawezesha wazazi kujua kama kifuko walicho nacho ni kimojawapo. Basi usitupe lebo kabla chakula hakijaisha, wala usimlishe mtoto aina moja tu kila siku.

Saba, na hili nesi alilisema kwa ukali: kikishafunguliwa, si kichupa tena, ni chakula kibichi kwa hatari. Toa kiasi kinachotosha, ukiweke katika kibakuli safi, umlishe kutoka humo. Usichovye kijiko kutoka mdomoni mwa mtoto kurudi chupani, kwa sababu mate yake hubeba vijidudu na kuvipandikiza humo. Kinachobaki katika kibakuli kimwagwe. Kinachobaki katika chupa kiwekwe katika friji, cha matunda au mboga siku mbili, cha nyama au mayai siku moja. Nyumba isiyo na friji, kama yetu, inunue kichupa kidogo kiishe kwa mlo mmoja, na kisikae wazi zaidi ya saa mbili. Nilipomwambia nesi juu ya kabati letu alinitazama tu, asiseme neno. Nami sikuhitaji neno.

Kuhusu vile vifuko vya kunyonya, yafaa niseme kidogo. Watoto huvipenda, na wazazi huvipenda zaidi kwa kuwa havichafui nguo. Lakini mtoto akinyonya rojo tamu kwa mdomo wa kifuko, sukari hukaa juu ya meno yanayoota, naye hajifunzi kutafuna. Kamulia katika kijiko. Tena, rojo laini kabisa lina muda wake. Mtoto wa miezi sita huanza na chakula kilichopondwa kikawa laini. Akiwa na miezi minane anaweza kushika kipande cha ndizi au kiazi kilichoiva na kukipeleka mdomoni mwenyewe. Akifikia mwaka mmoja ale chakula cha nyumbani, kilichokatwakatwa na kisicho na pilipili. Mtoto akicheleweshwa na rojo laini kupita miezi kumi, mara nyingi huja kukataa vyakula vyenye kutafunwa.

Sasa niwaambieni tulifanya nini nyumbani. Hatukutupa kichupa cha mwisho. Nesi alituonyesha namna ya kukitengeneza: nusu ya rojo la tufaha ilichanganywa na uji mzito na kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizosagwa. Kijiko hicho, chenye gramu 15, kina kalori kama 90, kupita kichupa kizima cha tufaha. Karanga ziwe zimesagwa laini kabisa, maana punje nzima huweza kumkaba mtoto, na mara ya kwanza apewe kidogo tu, aangaliwe kama hapati vipele au uvimbe. Ziwe pia zimekauka vizuri, zisiwe na ukungu. Hili si neno la kutishana. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu ya ukungu iliyokuwamo katika mahindi iliua watu wapatao 20. Kwa hiyo chakula cha nyumbani nacho kinataka macho, kama kile cha dukani.

Kisha tulirudi sokoni. Parachichi, ambalo kwetu huanguka chini ya mti likaliwa na kuku, lina kiasi cha kalori 160 katika gramu 100. Huhitaji mashine ya kulifanya rojo, uma watosha. Yai moja lililochemshwa likapondwa lina kalori kama 70 na protini gramu 6. Dagaa waliosagwa, maini ya kuku, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, vyote vina madini ya chuma. Ukivifuatisha na embe au papai au chungwa, vitamini C iliyomo huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai hufanya kinyume, huyazuia. Basi wale wanaowapa watoto chai waache. Na mtori wa Bibi, ndizi zilizopikwa na nyama kisha zikapondwa mpaka zikawa laini, ni rojo ambalo sikuliona katika rafu yoyote ya mjini. Kwa bei ya vichupa kumi nilivyokuwa nimenunua tungeweza kupata trei tatu nzima za mayai.

Tulimpa mara tatu kwa siku, chakula kizito, kwa kibakuli chake mwenyewe ili tuone amekula kiasi gani, na Dada akaendelea kunyonyesha kama kawaida. Mwezi wa Januari niliondoka kurudi shule kabla siku ya kliniki haijafika. Nikakaa hapa na wasiwasi wangu. Usiku wa maandalio, badala ya kusoma Jiografia, mara kwa mara niliuona ule mstari uliolala.

Siku ya wazazi Dada alikuja. Kabla hajanipa sabuni na daftari alizoniletea, alifungua mkoba akatoa kadi. Mwezi wa Januari, kilo 7.7. Mwezi wa Februari, kilo 8.1. Mstari ulikuwa umeinuka tena na kushika njia ya mlimani. "Bibi anakusalimu," aliniambia. "Anasema siku hizi akienda dukani humwita mtoto yeyote aliyevaa sare ya shule amsomee nyuma."

Wasomaji, hayo ndiyo niliyotaka kuwaambieni. Sisi husoma ili tufaulu mtihani, nami naomba Mungu sote tufaulu mwezi wa Novemba. Lakini nyumbani kuna watu walioshindwa kusoma ili sisi tusome. Wakitupa fedha mkononi na kutuambia, "Nenda ukachague, wewe ndiye msomi," wanaamini kwamba tutatazama kile ambacho wao hawawezi kukiona. Likizo ijayo ukitumwa chakula cha mtoto, simama mbele ya rafu, usione haya wala usiwe na haraka, ukigeuze kichupa, nawe usome.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne